Kupanga Spana: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Gereji na Fundi wa Kutembea

Ukitaka kujua kama spana za gereji zimepangwa, muulize mwenye gereji ni spana gani haipo. Akilazimika kuzimwaga chini na kuanza kuhesabu, hazijapangwa, hata kama sanduku lake ni la bei kubwa. Akigeuza shingo tu na kukujibu "kumi na nne ringi haipo, anayo kijana pale kwenye Noah", hapo pana mpangilio.

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja: kila spana iwe na nafasi yake, na nafasi ikibaki tupu ionekane bila kutafuta. Haijalishi kama unafanya kazi sehemu moja au unazunguka na pikipiki kufuata wateja. Spana inayopotea mara nyingi haijaibiwa. Imeachwa juu ya betri, ndani ya boneti, au juu ya fremu ya gari ambalo tayari limeshaondoka. Na spana iliyoachwa ndani ya boneti injini inawaka inaweza kudondokea feni au mkanda, na hasara yake ikawa kubwa kuliko bei ya seti nzima.

Anza kwa kuzimwaga zote

Tandika turubai chini, kisha leta kila spana uliyonayo: za kwenye droo, za chini ya kiti cha gari, za kwenye ndoo, za nyumbani. Usianze kununua sanduku wala kupima ubao kabla ya hatua hii, kwa sababu hujui bado unapanga nini.

Zioshe kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi. Petroli usiitumie: mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na gereji haikosi cheche. Zifute kwa tambara kavu, uziache juani kidogo mpaka mikunjo yote ikauke.

Sasa zikague moja moja. Chukua bolti mpya ya saizi husika na uiingize kwenye mdomo wa spana ya flati, yaani ile yenye mdomo ulio wazi. Ikicheza sana kushoto na kulia, mdomo umepanuka. Angalia pia ncha za mdomo: zikiwa zimeviringika au zina ufa, spana hiyo itakula pembe za nati siku utakayohitaji nguvu, na mkono wako utagonga chuma. Kwa spana ringi, ile inayozunguka nati yote, tazama ndani ya duara kwenye mwanga. Pembe kumi na mbili za ndani zinatakiwa kuwa kali, si za kulika.

Spana mbovu itoe kwenye kundi leo hii. Iweke kwenye ndoo ya peke yake. Huko itafaa siku ukitaka kukata shingo na kuchomelea spana ya umbo maalumu ya kufikia nati iliyojificha. Ila isirudi ubaoni, kwa sababu mtu mwenye haraka ataichukua.

Zenye kutu na zisizo na kromu zinaweza kulala kwenye siki usiku mmoja, kisha zisuguliwe kwa brashi ya waya, zisuuzwe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, zikaushwe na kupakwa oili mara moja. Za kromu usizilaze kwenye siki. Pale kromu ilipoanza kubanduka, siki itaingia chini yake na kuongeza uharibifu. Hizo zifute kwa oili na msasa laini sana.

Zitenge kwa kazi, si kwa saizi peke yake

Watu wengi hupanga kutoka ndogo mpaka kubwa na kuishia hapo. Ni sawa, lakini kwanza tenga makundi mawili ambayo hayatakiwi kulala pamoja: za milimita na za inchi.

Kwenye magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, utaishi na 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu. Sababu ni kwamba Wajapani huweka kichwa cha milimita 12 kwenye bolti ya M8 (yaani yenye shina la unene wa milimita 8), na cha 14 kwenye bolti ya M10. Magari ya Ulaya huweka 13 kwenye M8, na 16 au 17 kwenye M10. Ndiyo maana fundi wa Toyota anaweza kukaa muda mrefu bila kugusa 13, na fundi wa Mercedes hawezi kumaliza siku bila hiyo.

Za inchi bado zina kazi. Trekta za Massey Ferguson 135 na Land Rover za zamani zina bolti za inchi, na ukienda mashambani utazikuta zinafanya kazi mpaka leo. Hapa ndipo kuchanganya kunapoharibu nati. Tazama vipimo: 3/4 ya inchi ni milimita 19.05, hivyo 19 inaweza kukubali ikiwa na uhuru kidogo. 5/8 ni 15.88, hivyo 16 inashika. Lakini 9/16 ni 14.29. Spana ya 14 haiingii, na ya 15 inacheza karibu milimita 0.7. Fundi akishika 15 kwa haraka na kuvuta, nati imelika pembe. 1/2 nayo ni 12.7: ya 13 itaingia na itafungua bolti iliyolegea, ila iliyoshika itaila.

Kwa hiyo chagua rangi mbili. Mimi napenda nyekundu kwa milimita na buluu kwa inchi. Paka mstari wa upana wa kidole katikati ya shingo ya spana, usipake mdomoni wala ndani ya ringi. Rangi ya mafuta ya kawaida inatosha ukisugua sehemu hiyo kwa msasa kwanza na kufuta oili yote. Selotepu ya umeme usiitumie. Ikipata oili na joto inaachia gundi, na spana inaanza kunata mkononi.

Baada ya hapo, toa "za kila siku" katika kila kundi. Kwa gereji ya magari madogo ya Kijapani ni zile tano nilizozitaja. Hizi ndizo zitakaa katikati ya ubao, mkono unapofika bila kunyoosha bega. Na spana za saizi 10 ziwe angalau tatu. Ni saizi inayotumika mno kwenye betri, kava na klipu za waya, na ni ndogo, kwa hiyo hupotea kuliko nyingine zote.

Ubao wa ukutani

Ukiwa na eneo la kudumu lenye paa na kufuli, hakuna kinachoshinda ubao. Unaona kila kitu kwa jicho moja.

Nusu ya shiti la plaiwudi, yaani sentimita 122 kwa 122, inatosha spana za fundi mmoja au wawili. Chukua plaiwudi ya milimita 18. Ya 12 nayo inashika, lakini misumari hulegea mapema.

Laza ubao chini. Paka rangi nyeupe au njano, subiri ikauke. Panga spana juu yake jinsi utakavyotaka ziwe, ringi ikiwa juu na mdomo chini, ndogo kushoto na kubwa kulia, kila aina mstari wake. Acha nafasi ya vidole: sentimita 2 kati ya ndogo, 3 kati ya kubwa. Kaa nazo hivyo kwanza. Nyoosha mkono kama unayezichukua, uone kama unagonga ya jirani. Ni rahisi kuzisogeza sasa kuliko baada ya kutoboa.

Ukiridhika, chora kila moja kwa penseli kuzunguka umbo lake, weka alama katikati ya ringi, kisha ziondoe. Jaza umbo lile kwa rangi nyeusi. Chini ya kila umbo andika namba kubwa. Namba isiandikwe ndani ya umbo, maana spana itaifunika.

Misumari ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Msumari wa inchi 3 una kichwa kipana, na ringi ya spana ya 8 haipiti juu yake, au inapita kwa kulazimisha. Kata kichwa kwa msumeno wa chuma, lainisha ncha kwa tupa ili isichane mkono. Toboa tundu kwa drili yenye ncha nyembamba kidogo kuliko msumari, huku drili imelala kidogo ili msumari utokee ukiangalia juu. Mlalo mdogo tu unatosha. Msumari uliosimama sawasawa utaangusha spana kila mtu anapogonga ubao. Pigilia mpaka zibaki sentimita 4 nje. Kwa spana za saizi inayozidi 24 tumia bolti ya M8 badala ya msumari, nati nyuma ya ubao.

Usipigilie ubao moja kwa moja ukutani. Weka mbao za inchi 2 kwa 2 nyuma yake, moja juu na moja chini, kisha funga kwa skrubu na fisha, yaani plagi za plastiki za ukutani. Hewa ikipita nyuma, unyevu wa ukuta haupandi kwenye plaiwudi. Mstari wa chini uwe usawa wa kiuno, wa juu usizidi macho. Spana za bomba na nyingine nzito zikae chini kabisa, kwa sababu ikianguka kutoka juu inaumiza.

Mahali pa ubao pana uzito kuliko ubao wenyewe. Uweke mbali na sehemu ya kuchaji betri. Betri za asidi zikichajiwa hutoa mvuke unaokula chuma, na spana zilizo karibu zitaota kutu hata ukizipaka oili kila wiki. Weka mbali na grainda pia: vumbi la chuma linalorushwa hukaa juu ya spana, na likipata unyevu linageuka kutu na kuambukiza kromu iliyo chini yake. Na mwanga wa dirisha au taa ufike ubaoni, vinginevyo ule weusi wa umbo hauonekani jioni.

Kama una kabati la droo au toroli la magurudumu, maelezo ni yaleyale kwa kifupi. Gundisha mpira wa tyubu ya zamani chini ya droo ili spana zisiteleze ukivuta. Kata kipande cha mbao kama reli, chonga mifereji kwa msumeno, na spana zisimame kwa ubavu zikiwa zimelala kidogo. Kila mfereji uandikwe namba. Kosa la droo ni kulundika tabaka mbili. Spana za chini utazisahau.

Mkoba wa kuviringisha kwa fundi wa kutembea

Sanduku la chuma lina kelele, lina uzito, na spana zake hugongana njia nzima mpaka kromu inabanduka. Kwa fundi anayekwenda na bodaboda, au anayepanda daladala, mkoba wa turubai unaoviringishwa ni bora. Fundi cherehani yeyote mwenye mashine imara ataushona kwa muda mfupi, ukimpa vipimo vilivyo sahihi. Nitatoa vipimo vya spana 12 za kombinesheni (upande mmoja flati, wa pili ringi), kuanzia 8 mpaka 19.

Kwanza pima spana yako ndefu. Ya 19 nyingi ni kati ya sentimita 23 na 25. Nitachukua 25. Kata kitambaa cha turubai nene la pamba, upana sentimita 65, urefu 62. Turubai la plastiki la kufunika mizigo usilitumie: halipitishi hewa, na jasho litakalobaki ndani litaleta kutu.

Ule urefu wa 62 umegawanyika hivi. Mgongo wa mkoba ni 28, yaani urefu wa spana na nafasi kidogo. Mfuko unaokunjwa kutoka chini kuja juu ni 16. Kifuniko cha juu, kinachoangukia vichwa vya spana ili zisichomoke ukigeuza mkoba, ni 14. Zilizobaki 4 ni za pindo juu na chini.

Sasa jambo linalofanya mkoba uwe mzuri. Kabla ya kukunja mfuko, kata ukingo wake kwa mshazari: upande wa spana kubwa ubaki na kina cha 16, upande wa spana ndogo ushuke mpaka 9. Spana ya 8 ni fupi. Ikizama kwenye mfuko wa 16 utaichimba kwa vidole. Kwa mshazari, kila spana itachomoza kichwa kwa kiasi kinachofanana. Pinda ukingo huo na upitishe mshono mara mbili, kwa sababu ndipo vyuma vinapokwaruza kila siku.

Kunja mfuko, ubane kwa pini, chora mistari ya vyumba kwa chaki. Vyumba vinne vya kwanza, 8 mpaka 11, viwe na upana wa sentimita 4. Vinne vinavyofuata, 12 mpaka 15, viwe 5. Vinne vya mwisho, 16 mpaka 19, viwe 6. Jumla ni 60, na zile 5 zilizobaki ni pindo za pembeni. Usibane vyumba kwa kuangalia upana wa spana peke yake. Kichwa kina unene pia, na kitambaa kinahitaji kuzunguka kichwa chote.

Mwambie fundi atumie uzi wa nailoni na sindano namba 18, na kila mstari wa chumba auanzie na kuumalizia kwa kurudi nyuma mara tatu. Mshono ukifumuka, huanzia mdomoni mwa chumba.

Namba za vyumba ziandikwe kwa maka peni isiyofutika au zitariziwe kwa uzi, juu ya mgongo wa mkoba, mahali zitakapoonekana spana ikiwa imetoka. Mkoba ukiwa na rangi ya kaki au ya kijivu hafifu, pengo linaonekana haraka. Mweusi unaficha.

Kamba ya kufungia ishonwe upande wa spana ndogo. Utaanza kuviringisha kutoka kwenye 19, ndogo zikibaki nje. Ukifika kwa mteja na kufungua nusu tu ya mkoba, tayari una 8 mpaka 14 mbele yako, na kwenye pikipiki kazi nyingi zinaishia hapo. Mkoba mzima utazidi kilo moja, hivyo kamba iwe ya mkanda mpana, usitumie uzi wa viatu.

Wanaosafiri na gari waweke mkoba huu ndani ya sanduku pamoja na nyundo, koleo na soketi, kila kitu kikiwa kwenye kifuko chake. Soketi zipangwe kwenye reli au zipitishwe kwenye waya mnene kwa mpangilio wa namba. Alenki, zile funguo za pembe sita zilizopinda, zibaki kwenye kishikio chake. Spana malaya, ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa, ifungwe mdomo kabla ya kuwekwa, na skrubu yake ipate tone la oili, maana mchanga ukiingia pale inakwama. Kama una spana ya kupimia nguvu, ile ya kubofya, irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa kila unapoiweka. Springi ikikaa imebanwa muda mrefu, kipimo kinaanza kudanganya.

Pwani na kutu

Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam: hewa yenye chumvi hufika hata kwenye gereji isiyoona bahari. Kwa fundi wa huko, mpangilio bila oili haudumu.

Mwisho wa kazi, futa kila spana kwa tambara lililoloana kidogo kwa oili safi ya injini au ya cherehani. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiitumie, ingawa ipo bure na kila gereji inayo. Ina asidi iliyotokana na mwako, pamoja na chembe za chuma, na vyote viwili vinakula chuma chako. Masanduku ya plastiki yanayouzwa na seti za soketi yanafunga unyevu ndani: yafungue yapate hewa kila baada ya siku chache. Vifuko vile vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikusanye na uviweke kwenye sanduku.

Mkoba wa turubai ukilowa mvua, usiviringishe na spana ndani hata kama umechoka. Toa zote, anika mkoba, futa spana. Usiku mmoja ndani ya turubai bichi unatosha kuleta madoa ya kutu.

Kuazimana na kuhesabu

Gereji yenye vijana watano haiwezi kukataza kuazimana. Inachoweza ni kuacha alama. Chukua washa kubwa za bolti (vile vyuma bapa vya duara vyenye tundu), tano tano kwa kila kijana, uzigonge jina lake au herufi yake kwa chapa. Anayechukua spana ubaoni anatundika washa yake kwenye msumari uleule. Ukitazama ubao unaona nani ana nini. Akiondoka jioni na washa bado zinaning'inia, anarudi kutafuta kabla hajanawa mikono. Kijana mgeni akianza kazi, aonyeshwe utaratibu huu siku ya kwanza kabla ya kupewa spana yoyote, na mwenye gereji naye atundike washa yake kama wengine. Akiruka yeye, wote wataruka.

Kwa fundi wa kutembea, hesabu kabla mteja hajawasha injini. Vyumba 12, spana 12. Kimoja kikiwa tupu, boneti haifungwi na ufunguo haugeuzwi mpaka ipatikane. Mteja mwenye haraka atalalamika. Mweleze kwamba unalinda feni yake.

Na spana ikipotea kweli, inunue wiki hiyohiyo, ya saizi hiyo peke yake, usisubiri seti. Pengo likikaa mwezi mmoja, watu wanalizoea, na la pili likitokea hakuna anayeshtuka. Ukienda Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, beba mfukoni bolti mpya ya saizi hiyo. Iingize kwenye mdomo wa spana palepale dukani, uitikise, ugeuze upande wa ringi ujaribu tena, ndipo utoe pesa.